Usafiri wa Dar: yanayosemwa na ukweli wake

"Madereva na makonda wa daladala hawana ustaarabu, ndiyo maana usafiri ni shida." Hili utalisikia kituo chochote, Buguruni mpaka Tegeta. Lakini wengi wao hawana mshahara. Asubuhi dereva anakabidhiwa gari, usiku anadaiwa hesabu ya tajiri, yaani kiasi alichopangiwa na mwenye gari. Mafuta anajaza yeye, na kinachobaki ndicho anachogawana na konda. Ukishalijua hilo, mengine yanajieleza. Gari haling'oki kituo cha Makumbusho mpaka lijae. Jioni linakatisha ruti, abiria wanashushwa njiani. Mwanafunzi anazuiwa mlangoni kwa kuwa nauli yake ni ndogo na nafasi anayochukua ni ileile. Trafiki akiwaandikia faini, watakimbiza zaidi ili wafidie. Dawa ni kumbana mwenye gari: leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, iambatane na mshahara wa dereva, ruti kamili na safari za kutosha kwa siku, na ifuatiliwe kwelikweli. Hapo hakuna atakayegombania vichwa vya abiria.

"Barabara zikipanuliwa foleni itaisha." Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa 2018, la Kijazi pale Ubungo 2021. Yamesaidia, sikatai. Ila njia ikifunguka, waliokuwa wanaacha magari nyumbani nao wanayatoa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani. Hakuna lami itakayowatosha wote wakija mjini kila mtu na gari lake.

"Mwendokasi umeshindwa, mfumo haufai." Hapana! Usafiri huu wa mabasi yaendayo haraka ulipoanza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, watu waliona basi likiipita foleni ya Magomeni kwenye njia yake lenyewe. Kinachowachosha abiria ni kusubiri muda mrefu kwa sababu mabasi ni machache, na karakana kujengwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, ambako mvua kubwa ikinyesha maji yanaingia. Mbagala nako njia ya zege ilikamilika kabla mabasi hayajapatikana. Hayo ni makosa ya kupanga na kununua. Njia maalumu yenyewe inafanya kazi.

Na wapo wanaoona kutembea si usafiri. Kila abiria wa daladala anaanza na kumaliza safari kwa miguu, mara nyingi ukingoni mwa mtaro huku bodaboda zinampitia ubavuni. Njia ya waenda kwa miguu iwemo kwenye mchoro wa kwanza wa barabara, na fedha zake zisiguswe.