Taarab haimo kwenye damu, wazazi wangu

Muhula mpya unakaribia, simu zimeanza kuingia, na maneno ni yale yale: "Mwalimu, mwanangu ana damu ya taarab, babu yake alikuwa akipiga udi." Nikiuliza mtoto anasikiliza nini nyumbani, naambiwa singeli, Bongo Fleva na nyimbo za katuni. Nikiuliza huyo babu yuko wapi, kumbe alifariki mtoto hajazaliwa. Na udi je? Uliuzwa zamani. Sasa hiyo damu mimi niichote wapi?

Kwa kawaida nacheka, namkaribisha mtoto, nampa fidla, tunaanza. Safari hii naandika, ili atakayepiga simu wiki ijayo nimtumie hii aisome kwanza.

Taarab yenyewe ndiyo inayoumbua hoja ya damu kuliko muziki mwingine wowote ninaoujua. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alipopendezwa na muziki wa Misri alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa. Akajifunze! Hapakuwa na ukoo wa Unguja uliozaliwa na ganuni mkononi. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa 1905, waanzilishi wake walikuwa vijana wa mjini waliotaka muziki wa kisasa, na usasa wa wakati ule ulitoka Misri. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akahamia mjini, akafundishwa, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akiimba kwenye santuri. Hakuna aliyerithi kitu pale. Waliokuja baadaye wakaongeza mahadhi ya filamu za Kihindi, wakaongeza rumba, wakaongeza bolero, na sidhani kama wazee wao wote walifurahi. Hiki tunachokiita urithi wa mababu ni ladha ya vijana wa zamani waliokuwa wakitafuta vitu vipya.

Najua, mtaniletea Zuchu. Kila mtu ananiletea Zuchu. "Mwone Zuchu, mama yake Khadija Kopa, mwimbaji wa taarab, marehemu kaka yake Omar Kopa naye aliimba, halafu wewe unasema hakuna damu!" Haya, tumtazame Zuchu vizuri. Mtoto anayekulia kwa mwimbaji anasikia mstari mmoja ukirudiwa mpaka majirani wauchoke. Anaona sauti inavyotunzwa, anasikia watu wazima wakibishana kuhusu kibwagizo kama watu wanaobishana kuhusu mirathi. Hiyo ni skuli, tena ya bweni. Na alipotoka rasmi mwaka 2020 chini ya lebo ya WCB, alitoka na nini? Bongo Fleva. Mama kaja kuimba naye wimbo mmoja kwenye EP ile ya kwanza, lakini nyumba ilikuwa ya binti. Ukinibana niseme kachukua nini kwa mama, nitasema ni matamshi: namna silabi ya mwisho inavyovutwa na kubanwa, na lile neno linaloachwa lining'inie kidogo kabla ya mshororo kufungwa. Nyimbo anazopenda kazitafuta mwenyewe, kama binti yeyote wa rika lake.

Hapa ndipo wazazi wengi wanaponichosha, kwa sababu wanachanganya mambo mawili. Kuna sikio, na kuna kupenda. Sikio ni kule kujua, bila kuambiwa, kwamba noti hii iko mahali pake na ile imepotea. Kupenda ni kuuweka wimbo wewe mwenyewe wakati hakuna anayekutazama. Mtoto anaweza kuwa na sikio safi la taarab na asiitake kabisa. Mwingine anaipenda kupita kiasi na hasikii kwamba ganuni haijatyuniwa. Mzazi akisema anataka kumrithisha mtoto muziki wake, huwa anataka la pili. Mara nyingi alichompa, kama kampa chochote, ni la kwanza.

Ngoja nieleze kwa Bayati, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, maana hapo ndipo mambo yanapoonekana. Tukianzia Re, noti ya pili ya Bayati haiko kwenye Mi wala kwenye Mi bemoli, yaani Mi iliyoshushwa nusu toni. Imekaa baina yao. Kwenye piano hakuna kibao chake. Kwenye ganuni unaipata kwa vile vibati vidogo vya ubavuni vinavyoinuliwa na kushushwa, na kwenye fidla unaitafuta kwa kidole, kwa kuwa fidla haina mistari ya kukuongoza.

Nilikuwa na mwanafunzi, binti wa darasa la tano, anapiga Bayati mbele ya mama yake. Kidole cha kwanza kwenye waya wa Re kilitua pale pale panapotakiwa. Hakuna aliyemwonyesha, sikio lake tu lilimpeleka. Lakini juu ya stendi ya noti mama alikuwa ameegesha simu yenye programu ya kutyuni, ile yenye mshale. Mshale ukalala pembeni, mwekundu. Mtoto akauona. Akasogeza kidole juu kidogo, kidogo tena, mshale ukasimama katikati ukawa kijani. Mama akatabasamu. Bayati ikafa papo hapo. Nikaiomba ile simu, nikaiweka mfukoni mwangu mpaka mwisho wa kipindi, na mama hakufurahi.

Binti yule alilitoa wapi sikio lile? Mama alikuwa na jibu tayari: kwa baba, mpenzi wa taarab, ana kaseti zote. Kaseti hizo, nikaja kujua, zimo kwenye boksi juu ya kabati na redio ya kuzipigia imekufa miaka. Nikamuuliza mtoto mwenyewe kila siku anafanya nini. Asubuhi skuli, jioni madrasa. Basi! Mtoto wa Unguja anasikia adhana mara tano kwa siku, anasikiliza visomo ambavyo wasomaji wengi kwa desturi huvifungua kwa Bayati, na msimu wa Maulidi ukifika anaimba kaswida mpaka sauti inamkauka. Wenyewe hawauiti huo muziki, na mimi siwaingilii. Lakini sikio halina habari na majina. Linachukua vipimo vya sauti linavyovisikia kila siku kutoka kwa watu linaowaheshimu. Baba wa kaseti amshukuru ustadhi.

Nimelishuhudia hili mara nyingi kiasi kwamba siku hizi mtoto akija kujiandikisha simuulizi habari za babu. Naimba noti nne, namwambia anirudishie. Wanaotoka madrasa, hata wale ambao nyumbani kwao taarab imepigwa marufuku, wengi hunirudishia ile noti ya pili ilivyo. Wanaotoka kwenye masomo ya piano, hata wenye wazazi wapenzi wa taarab kufa na kupona, hunirudishia Mi bemoli, safi kabisa, na wananitazama wakisubiri sifa.

Wanasayansi wanalo la kusema. Erin Hannon na Sandra Trehub mwaka 2005 walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 wa Amerika ya Kaskazini walitambua kosa kwenye midundo ya kwao na kwenye midundo ya Balkani, ile isiyogawanyika sawasawa. Wa miezi 12 walibaki na ya kwao tu. Ila waliposikilizishwa muziki wa Balkani nyumbani kwa wiki mbili, uwezo ulirudi. Watu wazima wakasikilizishwa vilevile na bado wakapata shida. Kwa hiyo mlango wa sikio upo, na unaanza kujifunga mapema kuliko wazazi wanavyodhani. Wanaoniletea kijana wa miaka 15 "aamshwe" wajue hilo. Anafundishika, naam, lakini kwa jasho.

Na kwa kuwa nimetaja watoto wachanga: hapana, spika ya kuweka tumboni haina maana. Lile dai kwamba kusikiliza Mozart kunaongeza akili lilitokana na jaribio la 1993 lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, watu wazima, na nafuu waliyoipata kwenye kazi za kukadiria maumbo haikuzidi robo saa. Mimba haikuhusika. Mtoto tumboni anasikia, hilo kweli, na sauti anayoisikia kuliko zote ni ya mama. Imba. Tuendelee.

Sasa kule kupenda. Hapa sina dawa, na anayekuuzia dawa anakula pesa zako. Ninaloliona ni kwamba kupenda kunapita ubavuni, wakati mzazi anashughulika na lake. Kuna utafiti wa Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa 2013 ninaoupenda kwa sababu hii. Waliwapigia vijana wa Marekani wa umri wa kama miaka 20 vipande vya nyimbo zilizovuma kati ya 1955 na 2009. Ungetarajia wapende za ujana wao tu. Wakakuta vijana wale wana kumbukumbu na mapenzi yaliyopanda tena kwenye nyimbo za wakati wazazi wao walipokuwa vijana, na kuna kilima kingine kwenye miaka ya 60, ambacho watafiti walikihusisha na mababu na mabibi. Naamini wazazi wale hawakuwa wakifundisha chochote. Walikuwa wakiendesha gari.

Ndiyo maana nyumba ya redio moja ilikuwa na nguvu. Bibi aliweka stesheni yake, ukakereka, ukala huku unakereka, na miaka ishirini baadaye unajikuta unaufua wimbo ule pamoja na nguo. Leo kila mtu ana vidude vyake masikioni. Baba anasikiliza taarab peke yake, mtoto singeli peke yake, wamekaa kochi moja, halafu baba analalamika kwamba utamaduni unapotea. Ungechomoa hicho cha sikioni kwanza, baba. Na ukichomoa usimtazame mtoto usoni kuona kama kapenda. Watoto wananusa mtihani kutoka mbali.

Kijana anapenda kile ambacho wenzake wa maskani hawatamcheka nacho. Mzazi hashindi hapo. Nimeona watoto wa wapiga fidla wakubwa waliokuwa wakificha ala njiani. Nimeona pia kijana ambaye kwao hakuna hata anayepiga mluzi, akaipenda ganuni kwa sababu binamu yake mkubwa aliipenda. Binamu, jamani, ndiye anayepaswa kulipwa mshahara.

Niseme na yanayonitia shaka, kwa sababu damu nayo haijafutika yote. Kuna watu hawapati raha yoyote kwenye muziki, wowote ule, na si kwa kulelewa vibaya. Utafiti wa mapacha wa Sweden uliotoka 2025 unasema takriban nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika kiasi cha raha anayopata kwenye muziki inaelekea kwenye urithi. Sawa, nakubali. Lakini soma vizuri: ni kiasi cha raha, si taarab au singeli. Damu huenda inasema mtoto atatetemeka. Haisemi atatetemeka kwa nani.

La pili linalonitia shaka ni kulazimisha. Vitabu vya ualimu vinasema usimlazimishe, atauchukia muziki. Nimewaona waliouchukia. Lakini nimewaona pia waliolazimishwa wakilia, wakaacha wakiwa na miaka 13, wakarudi wakiwa na miaka 25 wakitafuta ala wenyewe. Na waliolelewa kwa upole, "mtoto achague mwenyewe", wengi hawakuchagua kitu. Kila nikijaribu kutunga kanuni hapo, anaingia mtoto mlangoni anaivunja.

Kinachonishughulisha zaidi kuliko damu ni kinanda. Tangu taarab ya kisasa, hiyo rusha roho, ilipotamalaki miaka ya 90, sehemu kubwa ya kazi ya ganuni na fidla imechukuliwa na kinanda cha umeme, na kinanda kikiachwa kilivyotoka kiwandani hakina ile noti ya Bayati. Waimbaji wamekifuata. Sasa watoto waliokulia kwenye rusha roho ndio wazazi wanaonipigia simu. Wanataka mtoto afundishwe "taarab ya asili kama ya nyumbani", ninawaomba waniimbie mfano, wananiimbia wimbo wa 1998 wenye vipimo vya piano. Siwacheki. Kwao hiyo ndiyo ya zamani, na ndiyo mtoto aliyoisikia jikoni, na sina haki ya kumwambia mama yake kwamba jikoni kwake si asili.

Ninachofanya ni hiki. Namfundisha mtoto wimbo wa mama kama mama anavyouimba, kisha naupiga tena kwenye ganuni na ile noti ikiwa imeshushwa, namwuliza anausikia vipi. Na kwa wapiga kinanda mnaosoma hapa: vinanda vingi vya siku hizi vina sehemu ya kushusha noti moja moja kwa nusu ya nusu toni. Fungueni menyu ya kutyuni, shusheni Mi senti 50, ndiyo hiyo nusu ya nusu toni, mpige Bayati kuanzia Re. Ni kazi ya dakika moja, na wengi wenu mmekaa na chombo hicho miaka bila kuigusa sehemu hiyo.