Wanandoa wa Kiyahudi hawalali mbalimbali maisha yote

Wapo wanaoamini kwamba mume na mke wa Kiyahudi wanaoshika sana dini hulala vitanda tofauti maisha yao yote, na hata kwamba hukutana kupitia shuka lenye tundu. Si kweli, na uvumi huo unawavunjia heshima watu ambao sheria yao inasema karibu kinyume chake.

Utengano upo, lakini ni wa kipindi. Kwa kufuata Mambo ya Walawi 18:19, tendo la ndoa limekatazwa tangu hedhi inapoanza. Kwa desturi ya Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, huhesabiwa angalau siku 5, kisha siku 7 safi zisizo na damu, ndipo mke huzama usiku katika mikve, bwawa dogo lenye maji ya mvua au ya chemchemi. Katika siku hizo zote, Shulhan Arukh, mkusanyo wa sheria wa karne ya 16, unawakataza kulala kitanda kimoja hata wakiwa wamevaa nguo na bila kugusana, na Rabi Moses Isserles wa Krakow akaongeza kwamba vitanda viwili navyo visigusane. Ndiyo maana wengi huwa na vitanda viwili vinavyosogezwa. Mke hafukuzwi chumbani.

Akishazama, wanarudi kulala pamoja. Kuhusu shuka, Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, katika sehemu ya Ketubot 48a, inasema kwamba mume anayeshikilia kukutana na mkewe wote wakiwa wamevaa nguo atampa talaka na kumlipa haki yake ya ketuba, yaani mkataba wa ndoa.