Maonyesho ya sanaa ya watoto wanaosomea nyumbani: yanayosemwa na yalivyo

Kila ninapotaja kwamba familia zetu kadhaa hapa Nairobi, zinazosomesha watoto nyumbani, zinaandaa maonyesho ya michoro yao, nasikia maneno yaleyale. Mengine yanatoka kwa majirani, mengine kwa wazazi wenzangu, na mengine niliyaamini mimi mwenyewe nilipoanza. Nayaandika kwa sababu nimeona yakiwaumiza watoto.

“Maonyesho yatawathibitishia watu kwamba watoto wetu wanasoma”

Hili ndilo lililotupotosha zaidi, na naelewa linakotoka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mwanawe anahudhuria shule, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitupilia mbali ombi la kutaka elimu ya nyumbani itambuliwe. Mzazi anayeishi na wasiwasi huo hutamani kitu cha kumwonyesha shemeji, jirani, hata chifu, aseme: tazameni, hawakai bure.

Lakini ukuta uliojaa michoro haubadilishi neno hata moja la sheria. Suala hilo lina mahali pake, kwa mawakili na bungeni. Tukilileta ukumbini, mtoto anabebeshwa kesi ya watu wazima. Mwaka wetu wa kwanza mama mmoja alikesha akinyoosha kuta za nyumba aliyoichora mwanawe wa miaka sita, akapaka na anga upya ili ipendeze. Asubuhi mtoto akapita mbele ya mchoro ule na kuendelea kuutafuta wake. Aliuzunguka ukumbi mara mbili. Tangu siku hiyo tuna kanuni moja isiyojadiliwa: mkono wa mtu mzima haugusi kazi ya mtoto, hata kufuta alama ya kidole.

“Kwanza tupate jumba la maonyesho na fremu nzuri”

Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao za dari, na picha zake zikauzwa chini ya mbuyu huko Oysterbay. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani. Basi ukumbi wa kanisa, kamba ya kuanikia na vibanio vya nguo vinatosha. Karatasi ya manila nyuma ya mchoro huufanya usimame vizuri, na kanga iliyotandazwa ukutani huficha rangi iliyobambuka.

Kinachohitaji kufikiriwa ni kimo. Makumbusho mengi hutundika picha ili kati yake iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima. Macho ya mtoto wa miaka sita yako chini ya hapo kwa karibu sentimita 40. Sisi hutundika kati ya picha ikiwa mita moja hivi kutoka chini. Wageni wakubwa huinama, na wakishainama hujikuta uso kwa uso na mchoraji, wakaanza kuzungumza naye.

Jambo jingine dogo: kama watoto wamepaka rangi za jikoni, mathalani manjano au maji ya kiazisukari chekundu, msiziweke dirishani. Jua huzifuta upesi. Makaa na udongo mwekundu havina shida hiyo.

“Bila mshindi na zawadi hawatajituma”

Hapa nitakaa kidogo, maana kila mwaka mzazi mgeni hufika na wazo la kikombe cha mshindi wa kwanza, na hulileta kwa moyo mwema.

Mwaka 1973 watafiti watatu wa saikolojia, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwachagua watoto wa miaka mitatu hadi mitano ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kuambiwa na mtu. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nembo ya dhahabu na utepe, kama wakichora. La pili halikuahidiwa chochote, ila baada ya kuchora likapewa cheti kilekile ghafla. La tatu halikuahidiwa wala kupewa. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikarudishwa darasani bila zawadi yoyote, na watafiti wakahesabu muda ambao kila mtoto alizichezea. Walioahidiwa cheti walichora karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao wa makundi yale mengine mawili.

Watoto wale walikuwa wanapenda kuchora. Ahadi ya cheti iliyageuza mapenzi hayo kuwa kibarua, na malipo yalipokoma, kibarua kikaachwa. Watafiti hawakusema kwamba kila zawadi ni mbaya. Waliopewa bila kutarajia hawakupoteza hamu, na kwa kazi ambayo mtoto haipendi kabisa mambo huenda tofauti. Lakini kwa kuchora, kitu ambacho mtoto hukifanya hata mavumbini kwa kijiti, ya nini kuhatarisha?

Sisi tulibandika chini ya kila mchoro karatasi tupu yenye maneno “Mwulize mchoraji”. Mgeni anaandika swali, na mtoto anajibu kwa mdomo au kwa kuandika. Wapo watoto wanaozihifadhi karatasi hizo mpaka leo ndani ya madaftari yao.

“Mchoro mzuri ni ule unaofanana na kitu chenyewe”

Elimo Njau, msanii aliyezaliwa Tanzania na aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa kauli yake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Nairudia kila mara kwa wazazi wanaoleta michoro iliyofuatishwa kutoka kwenye simu, yote ya simba yuleyule na machweo yaleyale.

Mtoto wa miaka mitano huchora anachokijua, hata kama jicho halikioni. Ndiyo maana huchora mtoto ndani ya tumbo la mama, au meza yenye miguu minne iliyotandazwa pande zote. Hajakosea. Ni hatua ambayo watoto wengi huipitia, na ukimsahihisha unamfundisha kwamba anayoyajua hayana thamani.

Mwaka jana mama mmoja mzee aliinama mbele ya gari lenye miguu ya kuku.

“Mjukuu wangu, mbona gari lina miguu?”

“Shikamoo, nyanya. Linaenda kwa babu, na barabara ya huko ina matope.”

“Marahaba. Kumbe! Hata la mwanangu lingekuwa na miguu lingefika kwangu.”

Walikaa pale dakika kumi.

“Watoto wa nyumbani hawajui kukaa na wenzao”

Njooni mwone wakitundika. Wa miaka 13 anashika kamba, wa miaka saba anagawa vibanio, na watoto wa mtaa wanaosoma shule za kawaida wako katikati yao, kwa sababu tunawaalika walete kazi zao pia.

“Kazi ni za watoto tu, kwa hiyo mwandaaji anaweza kuzitumia atakavyo”

Hapana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haimbagui mtunzi kwa umri. Mchoro ukishawekwa kwenye karatasi, haki ni ya aliyeuchora, na hakuna anayeruhusiwa kuuchapisha kwenye kalenda ya kuchangisha pesa bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na picha yake ni taarifa. Kwa familia zenye wasiwasi niliousimulia mwanzoni, uso wa mtoto, jina la ukoo na mtaa kusambazwa pamoja kwenye simu za watu si jambo dogo. Sisi huandika jina la kwanza na umri, basi. Anayetaka kupiga picha hupiga ukuta kabla wageni hawajaingia.

Na idhini ya mzazi peke yake hainitoshi. Mgeni mmoja alitoa shilingi 1,000 anunue mbuzi wa rangi ya buluu aliyechorwa na msichana wa miaka minane. Baba alishaanza kushukuru. Msichana akasema hauzi, kwa sababu bado hajamaliza masikio ya mbuzi yule. Baba alimtazama, akamrudishia mgeni noti yake. Jioni mchoro ulirudi nyumbani umeviringishwa ndani ya leso ya mama yake, na kalamu ya buluu ikiwa mkononi mwa mwenyewe.