Vitabu havimtii mtoto wazimu

Kuna ujumbe unaozunguka mwaka hadi mwaka kwenye magrupu ya wazazi hapa Dodoma: mtoto mwenye akili nyingi akianza kujitenga shuleni, ujue ubongo umezidiwa, mfiche vitabu kabla hajachanganyikiwa.

Si kweli. Kusoma hakuleti ugonjwa wa akili. Uvumi unadumu kwa sababu ya umri: maradhi kama skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, mara nyingi hujitokeza kati ya ujana na miaka ya 20, ndipo kijana yuko kidato cha sita au chuoni. Akiugua, majirani wanakumbuka taa iliyowaka usiku. Habari za urithi, au bangi, hakuna anayeuliza.

Mtoto wa darasa la tatu anayejitenga ana kisa kingine. Anamaliza hesabu wenzake wakiwa bado wanapiga mistari ya daftari, kisha anachokonoa dawati na kuitwa mtundu. Mapumziko wenzake wanacheza rede, yeye anataka kujua kwa nini mbuyu hupukutisha majani kiangazi. Akili imetangulia, hisia bado ni za miaka 9. Akishindwa mchezo analia kama wengine, pengine zaidi.

Mkutanishe na mtu anayependa anachokipenda, hata fundi redio wa mtaani, uone kama ukimya utabaki. Mwulize na mwalimu. Ila akisikia sauti wasizosikia wengine, au akiacha kula na kulala, mpeleke hospitali, usingoje.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali uishie kwenye simu yako.