Glavu Iliyodondoka: Kusoma Shauku katika Chapa za Max Klinger

Mwanamke anadondosha glavu, mwanamume anainama kuiokota. Kisa chote ni hicho, nacho kinakwisha kwenye chapa ya pili, yaani picha ya pili iliyochapwa kwa bamba, kati ya kumi. Nane zilizobaki zinaonyesha kinachompata mwanamume huyo baadaye.

Mfululizo huu uitwao *Glavu* ulitolewa mwaka 1881 na Mjerumani Max Klinger, aliyekuwa ameonyesha michoro yake ya awali mjini Berlin mwaka 1878, akiwa kijana wa miaka 21. Tukio linatokea kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Itazame chapa ya pili bila haraka: kofia imemtoka mwanamume kichwani kwa kule kuinama, na mwanamke anazidi kwenda zake, katupa mgongo. Kuanzia hapo shauku inamwacha mtu na kung'ang'ania kitu.

Kwa nini glavu? Kwa sababu hubaki na umbo la mkono ilhali mkono haumo. Aliyeishika amemgusa mwenye glavu, na wakati huohuo amemkosa. Nadhani hakuna kitu ambacho kingemfaa Klinger zaidi.

Katika ndoto za mwanamume, glavu inapanda gari la kombe linalovutwa na farasi wa baharini, kisha mawimbi yanaimwagia mawaridi. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimpa Venus, mungu wa mapenzi, kombe, bahari na mawaridi. Klinger ameivika glavu heshima zile zile. Baadaye inakuwa kubwa mno, na bahari yenye madude ya kutisha inamfuata mwanamume hadi kitandani.

Chapa ya tisa ndiyo inayonikaba zaidi. Dude lenye mabawa linapaa na glavu usiku, na mikono miwili imevunja vioo vya dirisha, inashika hewa. Giza lile lina ufundi wake. Mistari huchorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, kisha tindikali hula palipokwaruzwa. Kwa vivuli, vumbi la utomvu hunyunyizwa kwenye bamba ili tindikali ipenye katikati ya chembe. Mwaka 1891 Klinger aliandika kwamba picha zisizo na rangi zinaweza kubeba njozi na upande wa giza wa maisha vizuri zaidi kuliko uchoraji wa rangi.

Wengi humweleza Klinger kupitia Freud, daktari aliyefasiri ndoto kama matamanio yaliyofichika, ingawa kitabu cha Freud kuhusu ndoto kilitoka karibu miaka ishirini baadaye. Mimi ningeanza na ile mikono dirishani.