Mjusi Ndani ya Kompyuta

Hajati alikuja na teksi kutoka Bombo, kompyuta ya mezani ameipakata kama mtoto. Akaitua mbele yangu, hapa kibandani kwetu Kampala, akasema: "Mwanangu, humu ndani mna mjusi. Analia tik-tik-tik, halafu kila kitu kinaganda."

Nikaiwasha. Haikupita nusu dakika nikamsikia mjusi mwenyewe. Nikachomoa waya ukutani pale pale.

"Umeogopa?" akacheka.

"Nimeogopa, Hajati."

Ndani ya hadi diski (hard disk), kile kifaa kinachohifadhi mafaili ya kompyuta, mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kugusa, na nafasi iliyopo kati yao ni nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Ule mlio kwa kawaida ni kichwa kinachotafuta alama zake kwenye sahani. Kikizikosa hurudi kilikotoka, kikajaribu tena, na tena. Siku kikigusa sahani kinakwangua tabaka la sumaku lililobeba data, na unga wake unakwenda kukwangua pengine. Ndiyo maana nilichomoa waya badala ya kungoja Windows ijizime kwa adabu zake zote, maana hata kule kujizima ni kuandika diskini.

Nikauliza swali ninalomuuliza kila mteja: nani ameigusa kabla yangu? Mpwa wake, kijana wa chuo, alikuwa ameendesha chkdsk na /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, usiku kucha. Simlaumu. Windows yenyewe hushauri uikague diski, naye alitii. Lakini amri ile inaisomesha diski sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) moja baada ya nyingine, kisha inarekebisha orodha ya mafaili papo hapo juu ya diski inayougua. Ni sawa na kumkimbiza mgonjwa wa moyo uwanjani ili ujue kama ni mzima. Kwa diski inayokufa kazi ni moja tu: isomwe, data ihamie diski nyingine, basi. Matengenezo utayafanya kwenye nakala.

Kama diski yako bado hailii ila kompyuta imekuwa nzito na mafaili mengine hayafunguki, usikisie. CrystalDiskInfo kwenye Windows, au smartctl kwenye Linux, itakuonyesha kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe. Mimi hutazama mistari michache tu. Namba 5 ni sekta mbovu ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba yake. Namba 197 ni zile zilizogoma kusomeka na bado zinasubiri hukumu. 198 ni zilizoshindikana kabisa. (CrystalDiskInfo huziandika 05, C5 na C6, usitishike.) Hesabu inayopanda kutoka juma hadi juma inanitia hofu kuliko hesabu kubwa iliyosimama. Na ukiona 199, au C7, ndiyo inayopanda peke yake, badilisha kwanza waya wa data. Wapo wateja waliojiandaa kununua diski wakaondoka na waya tu. Lile neno la jumla linalosema diski ni nzima usiliamini sana, nimezika diski nyingi zilizokufa na cheti hicho mkononi.

Ya Hajati ilikuwa ya GB 500, na 197 ilikuwa na mamia. Niliitoa, nikaifunga kwenye kompyuta yangu ya Linux pamoja na diski nzima ya TB 1, nikaendesha ddrescue, programu ya kunakili diski inayougua:

ddrescue -d -n /dev/sdb hajati.img hajati.map

Kabla ya kubonyeza, hakikisha kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizofungwa, kwamba sdb ndiyo mgonjwa kweli. Ukikosea hapo, hakuna fundi wa kukusaidia. Uzuri wa programu hii ni kwamba haing'ang'anii sehemu mbovu: inachota kwanza kinachosomeka kwa urahisi, penye ubovu inaruka. Duru ya pili unaondoa -n na kuweka -r3, ndipo inarudi kubembeleza vipande vilivyobaki. Lile faili la .map linakumbuka mlipofika. Siku ile umeme ulikatika mara mbili, na kila uliporudi tuliendelea pale pale tulipoachia. Diski isiyougua ya GB 500 ningeimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Hii ilichukua siku mbili, feni ikiipuliza ubavuni.

Wapo wanaoshauri diski iliyokufa itiwe kwenye friji ili ifufuke: hapana. Ukiitoa, unyevu unatua juu ya sahani. Kuigonga pia hapana. Kubadilisha bodi ya chini kwa ya diski inayofanana nayo hakutoshi kwa diski za kisasa, kwa sababu bodi ina chipu yenye vipimo vya diski ile ile moja. Na kama haizunguki kabisa, au inakwaruza, mimi siifungui. Inahitaji chumba kisicho na vumbi, na kibanda changu kinatazamana na barabara. Huwa namwambia mteja wazi, nairudisha bila kudai senti.

SSD, zile diski za chipu zisizo na sahani wala kichwa, hazina mjusi wa kukuonya. Leo inafanya kazi, kesho kompyuta haiioni.

Tulipata karibu kila kitu. Picha za arusi ya binti yake zilitoka, na za mazishi ya mzee wake pia, isipokuwa chache zilizokatika katikati, nusu rangi, nusu kijivu. Nikamwekea nakala mbili, moja abaki nayo nyumbani, nyingine akaiweke kwa dada yake Arua.

"Na hii ya zamani? Mpwa wangu anaitaka aweke filamu."

Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika MGONJWA pande zote mbili, ndipo nikamkabidhi.