Mbwa msaidizi: maana yake, na jinsi mbwa aliyeokolewa anavyofikia kazi hiyo

Mbwa msaidizi ni mbwa aliyefundishwa kazi maalumu ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu katika jambo linalomwia vigumu. Uzito wa maana hiyo uko katika "kufundishwa" na "kazi". Mbwa anayemliwaza mtu kwa kulala tu miguuni pake anafanya jambo jema sana, lakini bado si msaidizi. Kanuni za sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu zimelitenga hilo waziwazi. Mwenye duka, kama haoni mbwa ana kazi gani, anaweza kuuliza mambo mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya nini? Hawezi kudai cheti, wala kumtaka mtu aeleze ulemavu wake.

Anayetumia kiti cha magurudumu huokotewa funguo zilizoanguka, huwashiwa taa, hufunguliwa mlango kwa kamba iliyofungwa kwenye kitasa. Kiziwi huguswa mlango unapogongwa, kisha huongozwa hadi sauti inakotokea. Asiyeona huepushwa na vizuizi, na mbwa wake hufundishwa hata kukaidi: akiambiwa asonge mbele huku gari linakuja, hasogei.

Mashirika mengi yanayofundisha mbwa hawa huwazalisha yenyewe, hasa wa aina za Labrador na Golden Retriever, kwa kuwa afya na tabia za wazazi zinajulikana. Mbwa aliyeokolewa, yaani aliyetelekezwa, aliyeokotwa mitaani au aliyenusuriwa mikononi mwa mtesaji, hufika katika kituo cha kuhifadhi mbwa bila historia hiyo. Hata hivyo njia yake si ngeni. Shirika la Dogs for the Deaf lilianza mwaka 1977 katika jimbo la Oregon, Marekani, likichukua mbwa vituoni ili wawasaidie viziwi. Mwaka 1981, katika gereza la wanawake karibu na mji wa Gig Harbor, jimbo la Washington, ulianza mpango ambao wafungwa ndio wanaofundisha mbwa waliookolewa. Mpango huo hunigusa kila ninapoufikiria: mtu aliye kifungoni anamwandaa mbwa aliyetoka kizuizini, ili mtu mwingine kabisa aweze kutoka nyumbani kwake.

Lakini huruma peke yake haichagui mbwa. Ili kumpima, mkufunzi hudondosha sufuria nyuma ya mbwa. Kushtuka si kosa. Kinachotazamwa ni muda anaochukua kutulia, na kama atarudi mwenyewe kuinusa ile sufuria. Humshika masikio, nyayo na mkia. Humrushia mpira aone kama ataurudisha, na kama atautaka tena na tena, maana kazi yote ya kuokota vitu hujengwa juu ya hamu hiyo. Daktari wa mifugo humpiga eksirei ya nyonga, kwa sababu mbwa wa kuegemewa na mtu anayeyumba lazima awe mkubwa na mwenye viungo vizima, la sivyo kazi yenyewe itamlemaza. Wengi hawapiti. Tena kituo chenyewe hupotosha: kelele na upweke vinaweza kumfanya mbwa aonekane mpole, kumbe ameganda kwa woga. Ndiyo maana ni busara akae kwanza na familia ya muda, atulie, tabia yake halisi ijitokeze.

Mara nyingine kinachomfukuzisha mbwa nyumbani ndicho kinachomfaa kazini. Mbwa mdogo asiyetulia, anayekurupuka kila simu ikilia, huichosha familia mpaka ikamrudisha kituoni. Kwa kiziwi, masikio hayo ni mali. Hapo udogo na uchotara wake si hoja hata kidogo.

Mafunzo huendeshwa kwa vipande vidogo. Ili avute droo, mbwa huanza kwa kugusa kamba kwa pua. Kidude chenye mlio hubonyezwa papo hapo kumjulisha kwamba amepatia, na chakula hufuata. Akishazoea, hutakiwa kuiuma kamba, baadaye kuivuta, mwisho kuivuta hadi droo ifunguke. Hapigwi. Kwa mbwa aliyewahi kupigwa, mkono mmoja ulioinuliwa kwa hasira unaweza kubomoa imani ya miezi mingi. Halafu yote hurudiwa dukani, kwenye lifti, penye umati, kwani anachokijua sebuleni huwa hakijui barabarani. Viwango vya chama cha kimataifa cha watumiaji wa mbwa hawa, IAADP, vinataja angalau saa 120 za mafunzo katika muda wa miezi 6 au zaidi, na kati ya hizo 30 ziwe mahali pa umma.

Anayeshindwa njiani hutafutiwa familia ya kumfuga, na hilo nalo ni wokovu kamili.

Aliyefaulu bado ana hatua moja, na huenda ndiyo ngumu kuliko zote: kumhama mkufunzi wake. Kumtii yeye hakumfanyi mbwa amtii mtu mpya. Kwa hiyo wawili hao hufundishwa pamoja, mtu akijifunza kusoma masikio na mkia wa mwenzake, na chakula cha kupongezwa sasa kikitoka mkononi mwake yeye, hata kama mkono huo unatetemeka.